Neva iliyokatwa isiachwe kwa “itarudi yenyewe”

Mhariri,

Majeruhi wengi wa panga, vioo na pikipiki hushonwa ngozi na kuruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na ganzi vidoleni, wakiambiwa itaondoka yenyewe. Wengine huambiwa mshipa wa fahamu, yaani neva, ukishakatika ndiyo basi. Kauli zote mbili zinawapotosha. Neva ya mkono inaweza kuota upya, lakini muda wake una mipaka, na mipaka hiyo inawekwa na seli zinazoisafisha pamoja na misuli inayoingoja.

Mwaka 1850 mtafiti Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura akaona kwamba nyuzi zilizotengwa na mwili wa seli yake huvunjika zote hadi mwisho. Hazifi siku hiyohiyo. Kwa binadamu, kipande cha upande wa vidole huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa: majibu ya misuli hupotea baada ya kama wiki moja, ya hisia baada ya siku 10 hivi. Kwa hiyo neva ikipimwa kwa umeme chini ya jeraha siku ya tatu, yaweza kuonekana nzima ilhali imekatika kabisa. Kipimo hicho kirudiwe wiki ya tatu au ya nne, na kisitumike kuchelewesha upasuaji wa kidonda kilicho wazi.

Usafi wa mabaki ya nyuzi hizo hufanywa na seli za Schwann. Hizi ni za kundi la glia, seli zinazolea na kulinda neva bila zenyewe kupeleka taarifa. Kwa kawaida huzungushia uzi wa neva tabaka la mafuta liitwalo mayelini. Uzi ukikatika, ndani ya siku chache huacha kazi hiyo, huanza kumeng’enya mayelini iliyovunjika, na hutoa kemikali za kuita makrofaji, seli zinazomeza uchafu, kutoka kwenye damu ili zisaidie. Kisha hujipanga mstari ndani ya ala (mfuko unaozunguka uzi) ileile ya zamani na kutoa vichocheo vya ukuaji. Uzi mpya hufuata mstari huo kwa wastani wa milimita 1 kwa siku.

Sasa tupige hesabu. Kutoka kiwikoni hadi misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 30, yaani takriban miezi 10. Kutoka kwapani ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Misuli iliyokosa neva hubaki na uwezo wa kuipokea tena kwa miezi 12 hadi 18 tu. Seli za Schwann nazo zikikaa miezi mingi bila kufikiwa na uzi hupungua, na vichocheo vyake hukauka. Mtu aliyeambiwa asubiri nusu mwaka ameshapoteza sehemu kubwa ya nafasi yake. Hakuna kidonge cha vitamini B kinachoziba pengo la neva iliyokatwa.

Kidonda safi cha kisu au kioo chenye ganzi kifike kwa daktari bingwa wa upasuaji ndani ya siku 3. Katika muda huo ncha ya chini bado huitika ikiguswa na kifaa cha umeme, hivyo daktari hutambua nyuzi za neva ziendazo kwenye misuli na kuzilinganisha sawasawa. Wiki zikipita, ncha hujivuta na kuota kovu, na hulazimu kuchukua kipande cha neva ya mguuni ili kuziba pengo.

Bega lililovutwa katika ajali ya bodaboda ni suala tofauti, kwani nyuzi zaweza kuwa zimevunjika ndani ya ala iliyobaki nzima. Hapo kusubiri kama miezi 3 kunakubalika, kwa sharti la kupimwa kila mwezi. Misuli isiporudisha dalili yoyote, upasuaji ufanyike kabla ya miezi 6.

Tafadhali tusifananishe na uti wa mgongo. Kule glia ni nyingine: zinazotengeneza mayelini hazigeuki kuwa wasafishaji, maikroglia, glia za kusafisha, hufanya kazi polepole sana, mabaki yenye protini za kuzuia ukuaji hudumu miezi hata miaka, na astrosaiti, glia zenye umbo la nyota, hujenga kovu. Anayeuza dawa ya kuunganisha uti wa mgongo anauza uongo.

Ombi letu ni kwa vyumba vya dharura. Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, gusa ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada. Mwambie mgonjwa ainue kifundo cha mkono, atawanye vidole, asimamishe gumba mbele ya kiganja. Haizidi dakika 2. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa pamoja na tarehe na saa ya jeraha.