Donny Hathaway hakufa kwa laana wala kwa mapenzi

Mhariri, salaam na pole na majukumu.

Naandika kuhusu makala yenu ya ukurasa wa burudani Jumapili iliyopita, ile ya waimbaji wa muziki wa soul wa Marekani waliokufa wakiwa bado vijana. Sam Cooke mmemwandika vizuri, Otis Redding na ajali ya ndege ya 1967 iko sawa, sina neno. Ila mlipofika kwa Donny Hathaway hapo ndo mkaharibu. Karibu aya zote ni hoteli, dirisha, ghorofa ya ngapi, alikutwaje, halafu mwandishi wenu akafunga kazi kwa kusema eti ni laana ya umaarufu na kwamba jamaa alichanganyikiwa baada ya mwimbaji mwenzake Roberta Flack kumkataa. Jamani! Hii ya kukataliwa mmeitoa wapi?

Tuanze na hiyo maana ndo inaniuma zaidi. Roberta na Donny walifahamiana Washington, wote wamepita Howard University kwa nyakati tofauti, na kabla dunia haijawajua kama watu wawili wanaoimba pamoja Donny alishakuwa anamtungia nyimbo, kwenye albamu ya kwanza ya Roberta ya mwaka 1969 kuna nyimbo mbili zina mkono wake, mmoja kauandika na Leroy Hutson aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja chuoni. Donny alikuwa mume wa mtu. Alimuoa Eulaulah mwaka 1967, naye mwanamuziki aliyesomea hapohapo Howard, wakapata mabinti, mmoja ni Lalah ambaye leo ni mwimbaji mkubwa ana tuzo za Grammy zake mwenyewe, mwingine anaitwa Kenya, ndiyo, jina kama la nchi ya jirani, naye pia anaimba. Sasa kwa vile mwanaume na mwanamke wameimba wimbo wa Where Is the Love mwaka 1972 na wakabeba Grammy basi lazima wawe wapenzi? Kwa hesabu hiyo nusu ya bendi zetu za dansi zingekuwa zimefungishwa ndoa.

La pili, makala nzima hakuna mstari hata mmoja unaosema huyu mtu alikuwa anafanya nini akishakaa kwenye kinanda. Kazaliwa Chicago tarehe 1 Oktoba 1945 lakini kakulia St. Louis kwa bibi yake, Martha, ambaye alikuwa mwimbaji wa Injili, waliishi kwenye nyumba za serikali za watu wa hali ya chini, na bibi ndo alimpandisha jukwaani akiwa na miaka mitatu hivi, kashika kigitaa cha ukulele, wakawa wanamtangaza kama mwimbaji wa Injili mdogo kuliko wote Marekani. Kanisa likamlea, piano akaisoma kwelikweli, mwaka 1964 akaenda Howard kwa skolashipu ya muziki. Hakumaliza. 1967 akaondoka sababu kazi zilishaanza kumfuata yeye badala ya yeye kuzifuata, akarudi Chicago kwa mwanamuziki Curtis Mayfield kwenye kampuni yake ya rekodi ya Curtom, akawa mtunzi, prodyuza na mpangaji wa muziki.

Hapo kwenye mpangaji naomba tukae kidogo, maana wengi mnadhani mwimbaji ni koo tu. Mpangaji ndo anaamua vayolini ziingie wapi, tarumbeta zinyamaze wapi, waitikiaji wa nyuma waseme nini na wakae kimya saa ngapi. Anayaandika yote kwa noti kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafika studio. Donny alikuwa anafanya hivyo kwa watu wengine kabla hajajulikana kwa jina lake, na hata alipokuwa staa aliendelea kukaa pembeni kwenye rekodi za wenzake, ile ogani unayoisikia kwenye wimbo wa Rock Steady wa Aretha Franklin ni mikono yake. Na albamu yake Extension of a Man ya 1973 haianzi hata na wimbo wa kuimba, inaanza na kipande kirefu cha okestra nzima alichokitunga mwenyewe, mtu wa soul, mtoto wa kanisani! Kampuni za rekodi hazikuwa zimezoea vitu kama hivyo ila yeye aliweka.

Kama mwandishi wenu hana muda wa yote hayo basi atafute dakika kumi na mbili tu asikilize wimbo wake The Ghetto kwenye ile albamu ya laivu iliyotoka 1972. Ilirekodiwa kwenye kumbi mbili ndogo, Troubadour kule Los Angeles na Bitter End New York, ukumbi mdogo kiasi kwamba unawasikia watu wanapumua. Donny yuko kwenye piano ya umeme aina ya Wurlitzer, anaanza kwa kurudiarudia kitu kidogo tu, mkono wa kulia unakichezea, hana haraka, kama mtu anayejua usiku bado mrefu. Baadaye vyombo vinapungua, ngoma za konga za Earl DeRouen zinabaki zinaongea peke yake na watu wanapiga makofi wao ndo wamekuwa bendi. Kwenye dramu yuko Fred White, dogo wa miaka 16 tu wakati ule, huyo baadaye ndo akaenda bendi ya Earth, Wind & Fire. Halafu kwenye albamu hiyohiyo kuna You've Got a Friend ya Carole King, Donny anagusa noti chache tu za mwanzo ukumbi unalipuka, na kiitikio kikifika haimbi yeye, wanaimba watu, anawaachia na kuwafuata na kinanda. Mimi nimeusikiliza wimbo huo sijui mara ngapi na kila mara pale napandisha sauti majirani wanaipata fresh.

Huyo ndo mtu mliyempa aya za dirisha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana naona mwandishi kaukwepa au kaona ukiandikwa "laana" gazeti litanunuliwa zaidi. Donny Hathaway aligunduliwa na madaktari kuwa na skizofrenia, ile ya kuhisi watu wanakuandama na wanakupangia mabaya, na akalazwa hospitali zaidi ya mara moja. Huu ni ugonjwa, una jina, una dawa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema unampata mtu mmoja katika kila mia tatu na kitu, na mara nyingi unaanza kwenye ujana, miaka ya ishirini hivi, wakati mtu ndo anaanza maisha. Haumsubiri mtu awe staa. Unampata mkulima, unampata mwanafunzi wa chuo, unampata konda. Na dawa za miaka ya 70 zilikuwa ngumu, zinamfanya mtu azubae, zinakaza misuli, wengine mikono inatetemeka, sasa fikiria wewe ni mpiga piano. Mtu akipata nafuu anajiona amepona anaacha vidonge, ugonjwa unarudi kwa nguvu, hii habari kuna familia nyingi sana hapa kwetu zinaijua bila kufundishwa na mimi.

Angalieni na miaka mtaona wenyewe. Albamu ya kwanza 1970, ya pili 1971, mwaka 1972 peke yake katoa ya laivu, ya pamoja na Roberta na muziki wa filamu moja, 1973 ile ya okestra. Miaka minne! Baada ya hapo hakuna tena albamu yake mwenyewe ya studio mpaka anakufa. Watu husema kapotea, hakupotea, alikuwa anaumwa.

Na kuna wimbo kwenye hiyo ya 1973 ambao karibu kila mtu anauelewa nusu, Someday We'll All Be Free. Weusi wa Marekani wameufanya wimbo wa ukombozi na wana haki, hata baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Alicia Keys aliuimba kwenye ile harambee ya televisheni nchi nzima ikiwa kwenye msiba. Lakini Edward Howard aliyeandika maneno yake amesimulia kwamba aliyaandika akimfikiria Donny, rafiki yake anayeteseka kichwani, alitaka kumtia moyo tu. Na inasimuliwa kwamba Donny alipousikia ukiwa umekamilika studio alilia. Mimi nikishajua hilo siwezi tena kuusikiliza nikiwaza siasa peke yake, nasikia mtu anaambiwa na rafiki yake vumilia.

Tukirudi kwa Roberta, ukweli ni kinyume kabisa cha mlichoandika. Walikorofishana kikazi katikati ya miaka ya 70, ndiyo, na ugonjwa ulikuwa na sehemu kubwa kwenye hilo, lakini yeye ndo alirudi kumtafuta akijua kabisa anaumwa. Wakatoa The Closer I Get to You, 1978 ikafika namba mbili kwenye chati za Marekani. Walioutunga ni Reggie Lucas na James Mtume, na wale wanaopenda vitu vyetu wajue huyo Mtume jina lake ni Kiswahili kweli, kijana wa Philadelphia aliyelichukua alipokuwa kwenye vuguvugu la Weusi la akina Maulana Karenga kule California, kabla hajaenda kupiga konga kwa mwanamuziki wa jazz Miles Davis. Sasa mwanamke aliyemfuata mgonjwa ili amrudishe kwenye mic ndo nyinyi mnaandika alimkataa. Roberta kafariki Februari 2025, hawezi hata kuwajibu.

Januari 13, 1979 walikuwa studio New York, wanarekodi nyimbo nyingine za wawili hao, Mtume na Eric Mercury wakiwa maprodyuza. Donny siku ile alianza kusema kuna watu wanataka kumuua, wameunganisha ubongo wake na mashine wanauiba muziki wake. Kazi ikasitishwa, akarudi hotelini, na usiku huo akafariki. Alikuwa na miaka 33. Mamlaka zikasema alijitoa uhai. Mimi naona inatosha, msomaji hahitaji kuchorewa ramani ya chumba. WHO ina mwongozo wake kwa waandishi wa habari tangu 2000, unasema wazi msielezee njia mtu aliyotumia, msiweke kwenye kichwa cha habari, msitafute sababu moja rahisi, na wekeni mahali mtu mwenye shida anaweza kuomba msaada. Makala yenu imevunja yote manne kwenye ukurasa mmoja, tena ukurasa wa burudani ambao vijana ndo wanaukimbilia kwanza kabla hata ya michezo. Huwezi kujua nani anausoma akiwa na hali gani.

Kwa hiyo Mhariri naomba marekebisho, na sio yale ya mistari miwili yanayofichwa chini ya matangazo ya vifo. Semeni hakukuwa na mapenzi ya kukataliwa. Semeni alikuwa na skizofrenia na muutaje hivyohivyo, msiandike "kichaa" kama mlivyoandika kwenye maelezo ya picha. Na mkipata nafasi mpeni mtu anayejua muziki aandike nusu ukurasa kuhusu kinanda chake, wapo walimu wazuri tu wa piano kwenye makwaya yetu wataifanya kazi hiyo kwa chai.

Halafu hiyo picha yenyewe. Yule mwenye miwani na gitaa mliyemuweka siyo Donny, ni Curtis Mayfield. Donny ni yule mnene kidogo mwenye kapelo kubwa la kitambaa, mkimuona mtamjua.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ilala, Dar es Salaam