Hati ya Ujiji isitoke sandukuni

Columbus, Ohio

Shikamoo kaka,

Nisalimie mama, wifi na watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ule unaosema mdogo wetu keshapata mtu wa kumtafutia mkopo wa injini ya kuvulia na kilichobaki ni hati ya nyumba ya Ujiji tu. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe linaanza na aibu yangu.

Ile nyumba mliyoiona kwenye picha, hadi mama akawapikia watoto wa madrasa ubwabwa wa shukrani, nimeiweka rehani kwa miaka 30. Nilikopa dola 150,000 kwa riba ya asilimia 6.5. Marejesho ni dola 948 kila mwezi, kodi ya jengo na bima mbali. Mwezi wa kwanza, dola 812 na ushee zilikwenda kwenye riba, deni likapungua 135 tu. Nilidhani wamekosea hesabu.

Mwaka juzi nikaumia bega ghalani, zamu zikapunguzwa. Mwezi mmoja sikulipa, wa pili nikalipa nusu, wa tatu ukawa wa msiba wa baba. Bahasha za benki nikaacha kuzifungua, nikawa nazitumbukiza kwenye ile ndoo aliyonipa mama ikiwa na dagaa wa Kibirizi. Sheria ya huku kwa kawaida hairuhusu kesi ya kuchukua nyumba kuanza mpaka uchelewe zaidi ya siku 120. Zangu ziliishia ndooni. Nilizinduka ilipokuja barua ya mahakama ya kusaini. Hapa Ohio benki lazima ikushtaki kwanza. Ikishinda, sherifu anapiga mnada, na mara ya kwanza nyumba inaweza kwenda hata kwa theluthi mbili ya thamani iliyokadiriwa.

Nikaibeba ndoo hadi kwa mwanasheria. Akafunua kifuniko, akakirudisha, akaenda kufungua dirisha. Kisha akazisoma zote, moja moja.

Akanipeleka kwenye Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika. Kabla ya kuandikishwa ni lazima uzungumze na mshauri wa madeni. Wangu alinihoji kwa simu: chakula kiasi gani, mafuta ya gari kiasi gani. Nilipotaja hela ya nyumbani akasema, hiyo tumeshaiandika. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kuna nyumbani kungine.

Ombi lilipopokelewa tu, mnada ukasimama. Sasa kwa miaka mitano nampelekea fedha msimamizi wa kesi kila mwezi ili malimbikizo yaishe, huku mkopo wenyewe ukiendelea. Nikiteleza, kesi inaweza kufutwa na mnada ukarudi. Ndiyo maana bati za jiko la mama hazijafika. Mwambie shangazi sijaringa.

Sasa hati. Ina jina la baba, na mirathi hatujafungua. Bila mahakama kuteua msimamizi wa mirathi, hakuna kati yetu mwenye mamlaka ya kuiweka rehani. Huyo mtu anayedai ataipitisha hivyo hivyo, muulize anapitia mlango gani.

Na hata mambo yangekuwa sawa, ningekataa. Mdogo wetu kuvua anajua, simdharau. Lakini mbalamwezi ikiwaka taa za dagaa hazina kazi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Benki ingemdai miezi yote hiyo, na mama ndiye angeamka akamkuta dalali uani. Kama anataka injini, atafute mkopo ambao dhamana yake ni injini yenyewe. Ikichukuliwa, mama bado ana pa kulala.

Atanikasirikia, najua. Mwambie anipigie mwenyewe, Jumapili sina zamu.

Hati baba aliiweka kwenye sanduku la mama, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya kanga. Mwombe mama afungue leo hii, uone kwa macho yako kama bado ipo, kisha unitumie picha.

Mdogo wako