Risala ya Waratibu wa Mikutano na Walezi wa Watoto wa Wanasiasa, Kwale, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti, mgeni wetu rasmi,
Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi,
Machifu, wazee wetu na viongozi wa dini,
Kina mama mnaohitimu mafunzo leo,
Mabibi na mabwana,

Asalaam alaykum. Hamjambo nyote.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ndio tunaopanga mikutano, tunaoendesha magari, tunaotafsiri hotuba, na tunaobaki na watoto mama anapokuwa jukwaani au bungeni. Kina mama wanaohitimu leo wanajiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na wengi wao wana watoto ambao hawajaanza shule. Tumeombwa tueleze mambo mawili: namna ya kuwafikia watu wasiokujua, na namna ya kulea ukiwa mwanasiasa. Kwa desturi mambo haya huzungumzwa mbalimbali. Kwetu sisi ni jambo moja. Mama mwenye mtoto mchanga hashindwi na siasa. Anashindwa na ratiba iliyopangwa bila yeye na jengo lililojengwa bila mtoto wake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kaunti yetu ina maeneo bunge manne na wadi 20, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820. Mama anayejulikana kila kichochoro cha Ukunda anaweza kuwa mgeni kabisa Ndavaya au Mackinnon Road. Anayewania Uwakilishi wa Wanawake, kiti cha kaunti nzima katika Bunge la Taifa, hana budi kuomba kura kote huko, kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la baba yake wala la mumewe.

Tuanze na pwani ya kusini. Mgombea wa mjini huita mkutano Kibuyuni saa 4 asubuhi kwa sababu saa hiyo inamfaa yeye. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka karibu na saa hiyo hiyo. Kina mama wa mwani wako baharini wakifunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, na wachopoaji pweza wako mwambani. Mgombea atakuta wanaume wachache barazani, atahutubia viti, kisha ataondoka akisema wanawake wa huku hawapendi siasa. Kabla ya kutaja siku, muulize mwenyekiti wa kikundi cha mwani mwezi uko tarehe ngapi. Ama uite mkutano siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ama uende siku ya bamvua yenyewe alasiri, maji yakishajaa na mwani ukiwa umeanikwa vichanjani. Ukifika usidai jukwaa. Keti walipoketi, waache wamalize kugeuza mwani wao, uanze kwa kuuliza bei ya kilo. Vanga nako, saa ya mnada wa samaki si saa ya hotuba. Subiri mvuvi alipwe.

Bara la Kinango lina hesabu yake, na hesabu hiyo ni ya maji. Kiangazi mama hutoka alfajiri na madumu kwenda lamboni, na akirudi ana jiko na mifugo. Mkutano wa asubuhi unamkosa, na wa jioni sana unamkuta amechoka na njia ya kurudi ni ya giza. Kwa uzoefu wetu, saa nzuri ni baina ya saa 8 na saa 10 mchana, chini ya mti wenye kivuli cha kuwatosha walioketi chini, si waheshimiwa peke yao. Siku ya kliniki ya watoto kina mama hukusanyika zahanati, na wagombea wengi huvutwa kwenda huko. Tunawaomba msiingie. Zahanati ni mali ya umma na foleni ya chanjo si hadhara ya kampeni. Mama akishatoka na kadi ya mtoto mkononi, na kama ana nafasi, mwalikeni mahali pengine.

Kuhusu lugha: Mdigo akisema Kidigo chake mbele ya Waduruma ataeleweka kwa sehemu kubwa, lakini mizaha na mafumbo huweza kwenda upogo. Mkalimani achaguliwe na wenyeji, asiletwe na mgombea, kwa sababu watu humwamini wanayemjua. Mpe karatasi yenye tarakimu na majina jioni ya kuamkia mkutano. Kosa la kawaida ni milioni kugeuka laki mdomoni mwa mkalimani. Na kumbukeni kwamba hotuba ya dakika 20 ikitafsiriwa inakuwa dakika 40. Mama mwenye mtoto mgongoni hasimami dakika 40 juani. Andika ya dakika 7, dakika zilizobaki ziwe za maswali.

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS) wa eneo, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na ufanyike kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Nakala iliyopigwa muhuri ikae ndani ya gari. Zaidi ya hapo, chifu na imamu wapewe habari kabla ya vijana kuanza kubandika picha. Ijumaa mchana iacheni kabisa.

Na msidharau redio. Pwani FM au Radio Kaya huingia jikoni ambako gari la kampeni haliingii. Mama aliyejifungua wiki sita zilizopita anaweza kuzungumza na wapiga kura wa wadi zote kwa nusu saa akiwa nyumbani, kwa simu, bila kumpitisha mtoto kwenye vumbi la barabara ya Kinango. Ombeni kipindi cha maswali badala ya tangazo la kulipia. Watu humpima mgeni kwa majibu yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tumseme mtoto mwenyewe. Mtoto chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Kwenye msafara tunashauri awe ndani ya gari la pili na mlezi wake, kivulini, mbali na spika za muziki. Asipandishwe jukwaani. Kule kuna kelele na vumbi, kila mtu anataka kumbeba, na picha yake itatumiwa na watu ambao hakuwapa ruhusa.

Mama asipoweza kurudi kwa mtoto kila baada ya saa 3, akamue maziwa. Hapa ndipo mambo huharibika, tena kwa vitu vidogo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Kwale mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo msiyahesabie saa hizo. Kwenye boksi lenye barafu iliyoganda sawasawa hukaa saa 24, na kwenye friji siku 4. Tatizo ni kwamba boksi hilo hilo hutiwa soda na maji ya madereva, linafunguliwa kila dakika 10, na adhuhuri barafu imekwisha. Boksi la maziwa liwe la maziwa peke yake, na ufunguo wake awe nao mlezi. Gawanyeni maziwa katika vichupa vya mililita 60 hadi 120, kila kimoja kiandikwe tarehe na saa, kwa sababu mtoto akishakionja kichupa, yaliyobaki hayafai kukaa zaidi ya saa 2. Mtoto anywe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri kwa maji moto na sabuni, na azoeshwe siku kadhaa kabla ya msafara. Asiyezoeshwa hulia siku nzima, na mama akisikia kilio hicho kwa simu hawezi tena kuhutubia. Naye mama akipitisha saa 5 au 6 bila kukamua, matiti hujaa na kuuma, maziwa hupungua, na uvimbe wenye homa ukifuata, kampeni inaweza kusimama wiki nzima.

Akishashinda, mambo hubadilika. Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, nalo liko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Wikendi ni ya harambee, matanga na harusi za watu wa eneo. Kwa hiyo mtoto hubakiwa na Ijumaa na Jumatatu peke yake. Tumeona familia zikihama kwenda Nairobi, zikimwacha mtoto kwa bibi, au zikisafiri naye kila wiki. Maoni yetu ni haya: anayenyonya asafiri na mama yake, na mlezi akatiwe tiketi katika bajeti tangu mwanzo, anayesoma akae mahali pamoja, na wazazi ndio wasogee. Mipango inayobadilishwa kila wiki humvuruga mtoto kuliko umbali. Na matanga yanaweza kuhudhuriwa na mjumbe mwenye barua na rambirambi. Kliniki ya mtoto haina mjumbe.

Hayo yanawahusu kina baba vilevile. Mwakilishi mwanamume akipata mtoto, bunge halijui na yeye hasemi. Tungependa aseme.

Mheshimiwa Spika, Agosti 7, 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti hii hii, aliingia ukumbi wa Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Kanuni humhesabu asiye mbunge kuwa mgeni ndani ya ukumbi, na mtoto akaingia katika hesabu hiyo. Wiki mbili baadaye, New Zealand, Spika Trevor Mallard aliongoza kikao akiwa kitini pake huku akimlisha kwa chupa mtoto wa mbunge Tamati Coffey. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2018, Seneti ya Marekani ilibadili kanuni zake ili watoto wa chini ya mwaka mmoja waingie, na Seneta Tammy Duckworth akapiga kura akiwa na binti yake wa siku 10.

Sisi hatuombi watoto wachanga wakae ukumbini. Kuna kelele, kuna ubaridi wa mashine za hewa, na mjadala haukatiki kwa saa nyingi. Tunaomba chumba. Sheria ya Afya ya 2017 tayari inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea penye usafi, faragha, maji ya kunawa, friji, plagi za umeme, kiti na meza, na pasiwe chooni. Inatoa pia muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Kwa jengo la bunge tunaongeza mambo mawili ambayo sheria haikuyataja. Kengele ya kura isikike chumbani, na chumba kiwe karibu na mlango wa ukumbi. Kukamua huchukua dakika 15 hadi 20. Chumba kikiwa ghorofa ya tatu upande wa pili wa ua, mwakilishi atachagua kati ya kura yake na maziwa ya mwanawe.

Jambo zito zaidi ni likizo. Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema mwakilishi wa bunge la kaunti anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asitoe sababu ya kuridhisha, hupoteza kiti. Bunge likikaa mara nne kwa wiki, vikao vinane ni wiki mbili. Mama aliyejifungua kwa upasuaji bado anashika ukuta akitembea. Karani wa ofisi yake ana miezi mitatu kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na mume wa karani huyo ana wiki mbili kazini kwake, lakini mwakilishi aliyechaguliwa hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Majirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya Horohoro, Katiba yao inahesabu mikutano mitatu mfululizo ya Bunge, na mkutano mmoja huchukua wiki kadhaa.

Uingereza walipata somo lao Januari 2019, mbunge Tulip Siddiq alipoahirisha upasuaji wa kujifungua akaletwa kupiga kura kwa kiti cha magurudumu. Kabla ya mwezi kwisha walianza kumruhusu mbunge mzazi ateue mwenzake ampigie kura. Kwetu, katika mabunge ya kitaifa, Kifungu cha 122 kinahesabu kura za waliopo, kwa hiyo hatukuombi jambo ambalo kanuni peke yake haiwezi kulitoa.

Tunaloliomba liko ndani ya uwezo wako. Ruhusa ya uzazi itolewe kwa barua moja inayofunika kipindi chote, miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, badala ya mama kuomba upya kila wiki na jina lake kusomwa kama mtoro. Kamati ziruhusu mwakilishi aliye likizoni kuchangia kwa mtandao, kama mabunge yalivyojifunza kufanya wakati wa korona mwaka 2020. Kazi kubwa ya bunge hufanyika kamatini. Ratiba ya kura itangazwe jioni iliyotangulia, ili mlezi ajue maziwa ya saa ngapi. Posho ya vikao kwa aliye kwenye likizo ya uzazi ipelekwe kwenye kamati inayohusika ijadiliwe, kwa kuwa mama anayejifungua hupoteza posho wakati matumizi yake yanapanda. Na mikutano ya bunge ya kukusanya maoni ya wananchi mashinani ipangwe kwa kuangalia bamvua, siku za soko na siku za kliniki za kila wadi. Orodha ya siku hizo kwa wadi zote 20 tuko tayari kuiandaa na kuileta ofisini kwako bila malipo yoyote.

Chumba tumekichorea ramani. Kina mita 3 kwa 4, viti viwili vyenye migongo, meza, friji ndogo, beseni la kunawia, na komeo la ndani. Ramani hiyo imeambatishwa na risala hii pamoja na bei za vifaa kutoka maduka ya Ukunda.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.