Barua kwa mwanangu: fikiria shingo ya atakayebeba

Machame

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba nyumba ya huko Sakina, Arusha, imepatikana kabla kodi ya hapo Pasua, Moshi, haijaisha. Umesema mume wako aliulizia kampuni za kuhamisha vyombo, mkapiga hesabu, mkaona fedha hiyo ni afadhali iongezee kodi. Sasa mtafunga wenyewe na kubeba wenyewe, pamoja na shemeji zako na vijana wawili watatu wa mtaani. Mmeamua vizuri. Vyumba viwili na sebule havihitaji kampuni. Vinahitaji gari moja, kamba nzuri, watu wenye nguvu na mtu mmoja wa kupanga. Mtu huyo ni wewe, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu, kwa sababu kazi ya kufunga mizigo naijua. Ndiyo iliyokusomesha.

Unajua kwamba pale lango la Machame, kabla ya kupanda Mlima Kilimanjaro, kila mzigo hupandishwa kwenye mzani, na kilo 20 ndiyo mpaka. Watu hudhani ule mzani upo kwa ajili ya kutuhurumia wapagazi tu. Huruma ipo, lakini kuna na akili ndani yake. Aliyezidiwa na mzigo hatazami anapokanyaga. Anajikwaa, na akijikwaa huumia yeye na hupotea alichobeba. Kwa hiyo ukifunga boksi lolote, usianze kufikiria kama vitu vimeenea. Fikiria kwanza shingo ya atakayelibeba.

Mzani huna, ila ndoo unayo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na uzito wa ndoo yenyewe juu yake. Iweke sebuleni siku mnayoanza kufunga na uiache hapo hapo. Kila boksi likimalizika, liinue, kisha inua ndoo. Boksi likiishinda ndoo, lifungue upunguze, hata kama limeshapigwa selotepu. Vitabu vya mume wako ndivyo vitakavyokudanganya, maana vinaingia vizuri kwenye boksi kubwa na linaonekana limepangika, kumbe halinyanyuki. Vitabu, pasi, nyundo, betri na mabati ya kuokea viende kwenye maboksi madogo. Boksi kubwa na shangazi kaja ziachie mashuka, mito, mapazia na nguo za mtoto.

Maboksi msinunue. Zungukieni maduka ya jumla Mbuyuni mapema, muombe yaliyobeba mafuta ya kula au sabuni, kwa kuwa hayo yalitengenezwa kuhimili uzito. Salfeti ni nzuri kwa viatu, masufuria na vitu visivyovunjika, basi. Majina yaandikeni kwa maka peni ubavuni mwa boksi, kwa kuwa yakishapandana juu hakuonekani. Tena msiandike "vyombo" peke yake. Andikeni "jiko, glasi" au "chumbani, dawa za mtoto", ili hata kijana asiyewajua ajue pa kulitua bila kuuliza.

Sasa vyombo. Nilipohama kutoka upagazi kwenda upishi mlimani, swali la kwanza la wageni lilikuwa mayai yanafikaje juu bila kuvunjika. Yanafika kwa sababu yana mbebaji wake, hayarundikwi na mzigo mwingine, na trei zake zimebanwa pamoja zisicheze. Kinachovunja chombo ni kucheza. Kwa hiyo kusanya trei tupu za mayai, zile za karatasi ngumu, uzitandike chini ya boksi na katikati ya vyombo. Sahani zisimamishe kwa ubavu, usizilaze, maana sahani iliyolala hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na gari likiruka kwenye tuta, ya chini ndiyo hupasuka. Kila moja iwe na gazeti lake. Glasi zijaze soksi ndani. Lile sufuria kubwa la sherehe lina nafasi ya vikombe vyote, ukiweka khanga kati ya kimoja na kingine. Ukimaliza, tikisa boksi taratibu. Ukisikia sauti, ongeza nguo mpaka linyamaze.

Televisheni isafiri imesimama, imefungwa blanketi, na mtu wa kuishikilia. Boksi lake kama bado mnalo, ndilo bora kuliko vyote.

Kitanda kipigeni picha kabla ya kukifungua. Boliti na nati ziingie kwenye soksi, soksi ifungwe kwenye kichwa cha kitanda chenyewe, siyo kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Chaga zifungeni fungu moja. Kabati la mninga mlipime kwa tepu sasa hivi, kisha mume wako apime mlango wa Sakina atakapokwenda kulipia. Kama halipiti, lifunguliwe na fundi huku Moshi kwenye nafasi, lisije likalala nje usiku wa kwanza.

Friji lizimeni siku moja kabla, barafu iyeyuke, mlikaushe. Mlango ufungwe kwa kamba. Lisafiri limesimama, na mkifika lipumzike saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Kama ililazimu kulilaza, liacheni mpaka kesho yake, kwa sababu mafuta ya kompresa huwa yameingia kwenye mabomba na yanahitaji muda wa kurudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufungwe koki, regulata itolewe, nao usimame nyuma ya gari palipo wazi. Usikubali mtungi uingie kwenye gari lililofungwa vioo ambalo mjukuu wangu amo. Na jiko la mkaa lipakiwe baada ya kuhakikisha majivu yamekuwa baridi kwa mkono, siyo kwa macho.

Kuhusu gari, nisikilize kwa makini. Kirikuu itawafaa kwa kuhama ndani ya Moshi, kwa safari mbili tatu. Kwenda Arusha ni kama kilomita 80, na kurudia safari kutakula fedha yote mliyookoa. Tafuteni Canter moja, safari moja. Mwiteni dereva nyumbani aone vyombo kwa macho yake kabla ya kutaja bei, mpatane bei hiyo inahusu nini: mafuta, kupakia, kushusha, na kuingia mpaka mlangoni. Mwambie njia ya kutoka lami hadi nyumbani ikoje na geti lina upana gani.

Na mkishapatana, msiongeze. Hili linaniuma ndiyo maana nalirudia. Mlimani nimewahi kubeba mzigo uliopimwa getini ukaonekana sawa, halafu mbele kidogo, mzani ukiwa hauonekani tena, ukaongezwa vitu na aliyekuwa anatuongoza. Ningefanya nini? Nilikuwa nakusomesha wewe. Nilibeba. Sasa wewe ndiye mwenye mzigo, na wapo watu watakaobeba kwa sababu wana watoto shuleni. Kijana ukipatana naye vitu vya sebuleni na chumbani, usimwonyeshe matofali nyuma ya nyumba saa ya mwisho ukamwambia "na hivi pia". Kama vimesahaulika, vitaje upya na bei yake. Fedha yao iwe mkononi mwako ikiwa imeshachenjiwa, uwape pale pale kazi inapokwisha, kila mtu chake mkononi mwake. Usimpe mmoja awagawie wengine.

Maji ya kunywa yawepo tangu asubuhi. Chakula wale kabla gari halijaondoka Pasua, kwa kuwa watakaopakia Moshi huenda si wote watakaofika Arusha. Msimamizi wa kutoa amri awe mmoja. Ukisema wewe "pelekeni kushoto", mume wako aseme "kulia", na shemeji aseme "subirini", watu wamesimama na friji mikononi. Mpatane wenyewe usiku wake, asubuhi aongee mmoja.

Kupakia kuna mpangilio wake. Vizito vitangulie mbele, karibu na kichwa cha gari: friji, kabati, cherehani. Godoro lisimamishwe pembeni, lilinde mbao zisikwaruzane. Maboksi mazito chini, mepesi juu. Fungeni kwa kamba za katani. Zinashika fundo, za nailoni huteleza. Turubai liwepo hata kama anga ni jeupe, maana Moshi inaweza kuwa na jua na mvua ikawakuta Usa River. Mtu yeyote asikae juu ya mizigo. Hata akisema amezoea, ashuke.

Mlimani kuna mzigo mmoja unaoheshimiwa kuliko mingine, nao ni wa jikoni. Wapagazi wake huondoka mbio, wampite mgeni njiani, ili akifika kambini akute maji yanachemka. Nanyi muwe na mzigo wa namna hiyo. Uwe wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka: sufuria moja, jiko, kiberiti, majani ya chai, sukari, unga, kisu, sahani za kutosha ninyi, mashuka ya usiku huo, chandarua, sabuni, tochi, ndoo, nguo za mtoto na dawa zake. Ongeza bisibisi na spana, la sivyo mtalala chini huku kitanda kimeegemea ukuta. Vyeti vyote, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki, mikataba miwili ya nyumba na fedha havipandi garini. Vinakaa kwenye mkoba wako begani mpaka ulale.

Kabla hamjafunga mlango wa Pasua, lipeni bili ya maji ya MUWSA, mpige picha vyumba vikiwa vitupu na vimefagiliwa, kisha mkabidhi funguo mkononi mwa mwenye nyumba. Nendeni kumuaga mjumbe na majirani. Uhamisho wa mtoto uanze kufuatiliwa kwa mwalimu mkuu sasa, usingoje vyombo viwe vimeshafika.

Upande wa Sakina yapo mambo ya kuuliza mapema. Luku ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine? Kama mnachangia, nani ananunua na mnagawanaje? Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, kwa hiyo muongee na mwenye nyumba inakuwa ya nani. Nunueni umeme kidogo wa kujaribu kabla ya siku ya kuhamia, mwone unaingia na taa zinawaka vyumba vyote.

Maji ndiyo ninayoyawazia zaidi kwa ajili ya mjukuu. Chini ya Mlima Meru sehemu nyingi maji yana floridi nyingi, ndiyo sababu unawaona watu waliokulia upande wa kata ya Maji ya Chai wana meno ya kahawia. Madhara yake huingia wakati meno ya mtoto bado yanajengeka ndani ya ufizi, na mjukuu wangu yuko katika umri huo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floridi hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Muulizeni mwenye nyumba kama maji ni ya AUWSA au ya kisima, na kama ni kisima, kimepimwa lini. Msiporidhika na jibu, ya kunywa na kupikia ya mtoto mtafute kwingine.

Mablanketi msigawe. Naona mmeanza kupunguza vitu, na hilo ni jema, kisichotumika kisipande gari. Lakini Arusha iko juu kuliko Moshi kwa zaidi ya mita 500, na Juni na Julai baridi yake si ya Pasua. Gaweni mafeni kwanza.

Anzeni kupakia saa kumi na mbili asubuhi. Msichague mwisho wa mwezi ikiwezekana, maana wapangaji wengi huhama wakati huo na magari hupanda bei. Kuanzia Tengeru barabara ni njia nne mpaka Sakina, kwa hiyo hapo hamtasumbuka. Mwombeni dereva asikimbie kabla ya hapo. Mkifika, mkishaweka kitanda na jiko, mengine yangoje kesho. Wiki hiyo hiyo mwende ofisi ya serikali ya mtaa mkajitambulishe.

Ijumaa nitatuma mkungu wa ndizi mshare kwa Haisi ya mchana. Mume wako aupokee stendi ya Moshi, ni mzito, asiende peke yake. Wapikie mtori wale watakaopakia. Asubuhi ya safari nitumie namba ya gari na simu ya dereva, nami nitakuwa na simu mkononi mpaka mseme mmeshusha.

Msalimie mkwe wangu na mjukuu.

Ni mimi, baba yako.