Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Maharamia wa Ayalandi

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nakumbusha tu kwamba ada za mwaka bado hazijakamilika, na wahusika wanajijua. Taarifa yangu ni ya usomaji wetu wa mwaka huu.

Mlipochagua mada hii ya maharamia wa milimani na barabarani, si wa baharini, baadhi yenu mlinung'unika kwamba Ayalandi ni mbali. Manung'uniko yaliisha tulipofika miaka ya 1650, utawala wa Cromwell, mtawala wa Uingereza, ulipowapokonya Wakatoliki ardhi na kuwagawia askari na wadai wake. Mwenye shamba wa jana akajikuta yuko mlimani na bunduki. Redmond O'Hanlon wa Armagh alitoka katika ukoo uliopoteza ardhi yake. Wachuuzi na wakulima walimlipa ili wapite salama, mpaka serikali ikatangaza zawadi kwa atakayemuua. Aprili 1681 alipigwa risasi na Art O'Hanlon, ndugu aliyelelewa naye. Art akapata msamaha na pauni 200. Kichwa cha Redmond kikatundikwa gereza la Downpatrick.

Mabishano yalipamba moto kwa James Freney, haramia wa Kilkenny wa karne iliyofuata. Wenzake walinyongwa, yeye akasalimika, akachapisha habari za maisha yake 1754, kisha akapewa kazi ya forodha bandarini New Ross. Wapo waliomsifu kwa ujanja. Mimi nasema ni mwizi aliyepata ajira serikalini.

Tuliyekaa naye zaidi ni Michael Dwyer wa Wicklow. Uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Waingereza ulizimwa, lakini yeye hakushuka mlimani. Februari 1799 askari waliizingira nyumba ya Derrynamuck alimolala na wenzake, paa la nyasi likashika moto. Sam McAllister, aliyekwisha kujeruhiwa, akajitokeza mlangoni makusudi ili wamfyatulie yeye. Bunduki za wakati ule zilibeba risasi moja; ikitoka, lazima ushindilie upya. Katika upenyo huo Dwyer akachomoka na kukimbilia kwenye theluji. Baada ya kusoma hapo hakuna aliyetaka kuendelea na ukurasa unaofuata siku hiyo.

Serikali ilianza 1800 kupasua barabara katika milima ile ili kuwafikia waasi, ikaimaliza 1809. Dwyer alikwisha kujisalimisha Desemba 1803. Alipelekwa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, na huko (msicheke) akaishia kuwa konstebo mkuu, yaani mkuu wa polisi, wa mji wa Liverpool wa hukohuko.

Nyimbo zinadai hawa wote waliwaibia matajiri wakawapa maskini. Kamati iliona ushahidi mwingi wa sehemu ya kwanza.

Kwa mwaka ujao tunapendekeza vita vya uhuru wa Ayalandi vya 1919 hadi 1921, vikosi vidogo vya Waayalandi vilipokuwa vikivizia magari ya askari wa Uingereza kwenye barabara za Cork. Mwenye mada nyingine amwandikie katibu kabla ya chai, kwa sababu baada ya chai tunapiga kura.