Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwamba Tuliofunga na Juya Lililorudi

Assalaam alaykum ndugu wanachama, akina mama wa pweza, manahodha na vijana wa mshipi.

Kusi ilikuwa kali mwaka huu. Wenye mitumbwi walikaa siku nyingi barazani wakiitazama bahari, na barafu ya kuhifadhia samaki ikatusumbua kama kawaida hapa Lamu. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Kubwa ni mwamba wetu. Tuliufunga usivuliwe kwa muda, pweza wapumzike, tukifuata mfano wa wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walioanza mwaka 2004. Waliobeba mzigo ni akina mama, maana wao ndio hushuka na mchokoo, kijiti cha kuchokolea pweza, maji yakitoka bamvua, bahari inapokupwa mno. Walivumilia. Pweza hukua upesi mno, na jike akishataga hujifungia pangoni, akayapepea mayai yake kwa maji bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchokoa mle, umekitoa kizazi kizima. Siku ya kufungua niliwafuata. Shangazi mmoja alinionyesha shimo lenye vijiwe vimepangwa mlangoni, akatia mchokoo, akainuka na pweza amemzonga mkono hadi begani. Alisema miaka mingi hajashika mzito kama yule. Nilifurahi hadi machozi.

Jioni ile ile juya, wavu wa kukokota wenye macho madogo, likaburutwa juu ya mwamba uo huo. Mfukoni mwake mlikuwa na changu na tafi wa urefu wa kidole, wengi wamekwisha kufa, pamoja na vipande vya matumbawe. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na kanuni za 2007 za BMU, yaani vikundi vya kusimamia ufuo kama hiki chetu, zilitukabidhi sisi wavuvi usimamizi wa diko letu, mahali tunaposhushia samaki. Basi tusimtafute wa kumlaumu mbali. Wenye juya ni watoto wetu, na tuliowaona tukanyamaza ni sisi. Mimi mwenyewe nilichelewa kuitisha kikao kwa kumwonea haya mzee mwenzangu. Nawaomba radhi akina mama.

Vijana wanasema nyavu za macho makubwa ni ghali. Ni kweli, na kumnyang'anya mtu juya bila kumpa kitu ni kulaza watoto wake njaa. Kamati inapendekeza sehemu ya ada tunayotoza dikoni inunue jarife, nyavu za kutega, za macho yanayoruhusiwa, na atakayesalimisha juya akopeshwe kwanza.

Vitabu vya hesabu viko kwa mweka hazina, kila mwanachama aje avikague. Tarehe ya kuufunga mwamba tena tutaipanga kikaoni, na akina mama wa pweza wasipokuwepo, kikao kiahirishwe.