Faili kubwa haliongezi uzuri wa nakshi

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Urambo aliingia karakanani kwetu hapa Tabora, flashi mfukoni na ubao wa mninga begani. Alikuwa amechora nakshi ya majani ya mwembe kwa ajili ya mlango wa mama yake, mraba wa milimita 300 kwa 300, na programu ikamtolea faili la megabaiti 180 la kuongoza mashine yake ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. "Shikamoo kaka. Mashine yangu inakwenda kwa kusitasita, halafu ona ilivyounguza," akasema, akinionyesha madoa meusi kwenye ubao wa majaribio. Alishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia mashine.

Mashine ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye faili, na kwa kuwa mafaili ya namna hii tunaletewa karibu kila wiki, nimeona nieleze kwa wote.

Faili la njia ya biti (kile kisu kinachozunguka na kukata) ni maandishi tu: kila mstari unaiambia mashine iende pointi fulani ya X, Y na Z (kushoto-kulia, mbele-nyuma, juu-chini). Kijana alitumia biti ya ncha ya duara yenye kipenyo cha milimita 3. Aliweka milimita 0.1 kati ya mkato na mkato, na pointi kila milimita 0.1 ndani ya kila mkato. Piga hesabu: mikato 3,000, kila mmoja una pointi 3,000, jumla mistari milioni 9. Biti inatembea mita 900. Hata kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika, hizo ni saa 10, ukiomba umeme usikatike.

Na mwendo huo mashine haiufikii. Bodi nyingi za mashine ndogo zinatumia GRBL, programu ya kuendesha mashine, juu ya Arduino, kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2, hivyo inaweza kupanga mistari 16 hivi tu mbele. Mistari 16 ya milimita 0.1 ni milimita 1.6. Ni sawa na kuendesha bodaboda usiku kwa tochi ya simu: unaona hatua mbili mbele, utakimbiaje? Mashine inapunguza mwendo ili iweze kusimama wakati wowote, huku biti ikizunguka kwa kasi ileile. Badala ya kukata, inasugua. Madoa meusi yametokana na hapo.

Tuliongeza nafasi kati ya mikato iwe milimita 0.3, na pointi nazo tukaziweka kila milimita 0.3. Mistari ikashuka hadi milioni 1, megabaiti kama 20, na kazi ikawa ya saa 3 na dakika 20 kwa mwendo uleule. Matuta yanayobaki kati ya mikato, kwa biti hiyo, hayafiki hata mia moja ya milimita kwa kimo. Vinyweleo vya mninga wenyewe ni vikubwa kuliko hayo, na msasa utapita tu. Wengi wanahangaika kupunguza mchoro wa 3D wakidhani ndio mzizi. Hilo linaharakisha hesabu za kompyuta, lakini ukubwa wa faili la kukatia unaamuliwa zaidi na nafasi ya mikato na usahihi ulioomba. Kwa herufi na maua bapa, iambie programu itumie tao halisi, yaani amri za G2 na G3, isikate duara vipande mia mbili vya mstari mnyoofu. Desimali za kila pointi nazo, tatu zinatosha kabisa.

Sasa kina cha mkato, maana hapa ndipo pesa ya biti inapopotea. Kuna dada anayetengeneza vibao vya majina. Aliagiza kina cha milimita 8 kwa mkato mmoja, biti ya milimita 3. Ilivunjika kabla haijamaliza herufi ya kwanza. Kwa mninga mkavu na mashine nyepesi, sisi tunaanza na theluthi ya kipenyo cha biti: biti ya milimita 6, mkato wa milimita 2. Mashine ikitulia tunapanda hadi nusu. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) inavumilia nusu tangu mwanzo. Mpingo tunaukata polepole sana, milimita moja moja, na hatuoni aibu.

Angalia kinachotoka kwenye biti. Ukiona maranda madogo yenye umbo, uko sawa. Ukiona unga laini kama wa ulezi, biti inasaga, na kosa la wengi ni kupunguza mwendo zaidi. Mizunguko 18,000 kwa dakika, biti ya makali mawili, mwendo wa milimita 1,800 kwa dakika: kila kali linakula milimita 0.05. Shusha mwendo hadi 300 na kali linapata chini ya 0.01, yaani linabembeleza mbao hadi iungue. Punguza kina, mwendo uache. Na ufunge barakoa; vumbi la mninga linakera kifua.

Kabla ya yote pima unene wa ubao kwa kalipa (kipimo cha taya mbili). Ubao wa inchi moja ukishapigwa randa pande mbili haubaki milimita 25, na ukiuamini jina lake, biti itachimba meza. Pima pembe zote nne. Zikitofautiana, ubao urudi kwenye randa kwanza.

Ukitutumia faili kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, uandike aina ya mbao, unene uliopima, kipenyo na umbo la biti, na kama sifuri ya Z, pale kina kinapoanzia kuhesabiwa, ni juu ya ubao au juu ya meza. Kukagua na kupunguza faili hatutozi kwa anayekatia kwetu. Mwenye mashine yake aje na ubao wa majaribio ulioharibika. Ule ndio unatuambia mengi zaidi kuliko faili.